Maharage ya Majirani

Kule Moba, siku ya tatu ya kilio cha Mama Anjelani, katekista aliomba mtu mmoja wa upande wa wakwe asimame aseme neno juu ya marehemu. Watu wote wakageuka kunitazama, maana mukwe wake wa kwanza ni mimi. Nikasimama, nikashika kofia kwa mikono miwili, nikawashukuru waliokuja, nikakaa. Basi. Mtu wa miaka hamsini, mpimaji wa ardhi ambaye kutwa nzima hubishana na watu juu ya mipaka ya viwanja vyao, nilikosa neno. Mke wangu Yvonne hakuniuliza kitu mbele za watu. Alingoja mpaka tulipokuwa ndani ya boti tukirudi Kalemie, ameegemea magunia ya mahindi ya wafanyabiashara, akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nilimunyima shangazi yake hata sentensi mbili. Nikamjibu kwamba upepo ni mwingi, hatusikilizani. Huo ulikuwa uongo. Neno nilikuwa nalo, ila lilikuwa neno nililolisikia nyuma ya ukuta, na mtu aliyesikiliza nyuma ya ukuta huona haya hata miaka ikipita mingi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na saba na barua ya kazi mfukoni. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kupima ardhi Lubumbashi, nikapangiwa biro, yaani ofisi, ya mjini Kalemie, karibu na bandari, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakuna mtu aliyenichagulia mahali pa kulala. Pikipiki za abiria zilikuwa bado chache wakati ule. Mtu wa mshahara mdogo alikwenda kazini kwa miguu yake, na mahali ulipopanga chumba ndipo palipoamua utaamka saa ngapi na utafika biro na viatu vya namna gani. Nikajipatia komisioneri, dalali wa nyumba, mzee mmoja tuliyemwita Papa Dodo, ambaye alitembea na mwavuli hata kiangazi na kuusifu kila mlango kabla hajaufungua. Nilikuwa na daftari. Kila nyumba aliyonionyesha niliiandikia mistari: hatua ngapi mpaka biro, maji yako wapi, umeme upo au haupo, ukuta upo au haupo. Papa Dodo alisimama kando akijipepea na karatasi zake, akasema kwamba tangu aanze kazi hiyo hajaona mtu anayepanga nyumba kama anapima njia ya reli.

Sikuwa mwendawazimu. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa Moba. Yvonne nilikuwa nimemfahamu mwaka mmoja kabla, nilipotumwa kule kwa mazoezi ya kupima uwanja wa shule ya misheni. Alikuwa anafundisha darasa la pili, na alinicheka nilipokuwa nachungulia kwenye darubini ya kupimia, akasema nimefumba jicho lisilotakiwa. Tulikuwa tumeelewana sisi wawili. Lakini mwenye kusema neno la mwisho kwao alikuwa shangazi yake, Mama Anjelani, aliyemlea, na yeye alinipa jibu moja tu: kwao mutoto mwanamuke haendi mahali ambapo macho ya watu wake hayajafika. Atakuja mwenyewe na boti aone ninapokaa, kisha atasema ndiyo au hapana. Na kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anabisha hodi kwenye mlango uleule, mwenye ng'ombe toka Pepa, kule milimani, mtu mzima, mwenye heshima zake. Mimi ng'ombe sikuwa nao. Nilikuwa na daftari na barua ya kazi. Kwa hiyo nyumba nitakayoichagua ilipaswa kusema kwa niaba yangu.

Nyumba ya tatu au ya nne aliyonipeleka Papa Dodo ilikuwa ng'ambo ya mto Lukuga. Ukivuka daraja unaacha lami, unafuata njia ya mchanga kati ya paseli, viwanja vya nyumba za watu, na kila baada ya hatua kumi unasalimia. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Mama Sifa, mwanamke mnene mwenye macho mekundu ya moshi kwa sababu kazi yake ilikuwa kukausha samaki. Chumba chake cha kupangisha kilikuwa cha matofali ya udongo, hakikupigwa plasta, na mlango ulifungukia moja kwa moja kwenye uwanja ambako wanawake watatu walikuwa wanaparua magamba ya mikebuka kwenye beseni, wakiongea juu ya mwanamke wa nne ambaye hakuwepo. Samaki wenyewe walikuwa wazuri, warefu, wanang'aa. Mama Sifa hakuniuliza kazi yangu wala kabila langu. Aliuliza kama nimekula. Bukari, ugali wetu, ilikuwa imekwisha kusongwa, na sombe ya majani ya muhogo chunguni. Nikasema asante Mama, nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Papa Dodo alinitazama kama nimetema mate mezani, akakaa akala yeye, kwa niaba yetu wawili. Nami nikasimama pale na kalamu, nikaandika kwenye daftari: mbali sana, hakuna umeme, majirani wengi mno.

Niliandika hivyo. Daftari lile ninalo mpaka leo.

Nyumba niliyoichagua ilikuwa upande wa biro. Hatua mia sita na arobaini kutoka mlangoni mpaka kwenye meza yangu, nilizihesabu mara mbili. Vyumba viwili vya saruji, dari ya mbao nyeupe, balbu, bomba la maji ndani ya uwanja, na ukuta mrefu wenye geti la chuma. Kila paseli ya mtaa ule ilikuwa na ukuta wake na geti lake, na nyuma ya geti mlinzi. Asubuhi nilitoka nimevaa viatu vyeusi, nikafika navyo vikiwa vyeusi. Mchana nilirudi kula mkate na chai ya maziwa ya unga, nikalala dakika ishirini, nikarudi kazini. Jioni nilikaa chini ya balbu nikimwandikia Yvonne barua, nikamweleza dari. Barua nzima juu ya dari! Nilijiona nimefika. Ukimya wa pale niliuita heshima. Wiki ya kwanza niliufurahia, ya pili nikaanza kuwasha redio nikiingia tu, hata kabla ya kuvua viatu. Nilikuwa peke yangu kama kidole, ila nilidhani ndivyo wasomi wanavyoishi.

Mama Anjelani alifika mwanzoni mwa mvua. Nilimpokea bandarini, alikuwa mfupi, amejifunga kitenge cha kanisa, na nyuma yake mbebaji alikuwa na mfuko wa maharage kichwani, yale mekundu ya milima ya Marungu. Nilipotaka kuusifu mfuko alinikatisha: si wako huo. Nyumbani alizunguka polepole. Aliwasha balbu, akaizima. Alifungua bomba, akanawa, akalifunga. Alitazama dari kwa muda mrefu. Kwetu mukwe hali chakula mbele ya mama mkwe, wala hakai naye macho kwa macho, kwa hiyo nilimtandikia meza ndani na mimi nikakaa barazani na sahani yangu magotini, tukaongea kupitia dirisha lenye pazia. Alipomaliza kula, nikamsikia anafuta mikono. Kisha akasema, kwa upole kabisa:

"Sasa mukwe, niitie majirani. Nimewaletea maharage."

Hiyo ndiyo desturi yao, na nilikuwa nimeisahau kama mjinga. Mtu wa kwao akisafiri kwenda kuona atakapokaa mtoto wao, hampelekei mukwe zawadi. Anawapelekea majirani. Anagawa kwa mkono wake, kikombe kwa kikombe, na kila anayepokea anatazamwa usoni, maana huyo ndiye atakayemshika mtoto wao mkono siku ya uchungu wa kuzaa, ndiye atakayezima moto ukiwaka. Mimi nilikaa barazani na kijiko mkononi. Nikasema majirani wako kazini. Akasema basi jioni. Jioni nikasema wamechoka. Akaniuliza huyu wa ukuta wa kulia anaitwa nani. Sikujua. Na wa kushoto? Sikujua. Nilikuwa nimekaa pale miezi miwili na zaidi. Najua urefu wa ukuta wao kwa sentimita, jina lao silijui.

Alikaa siku tatu. Hakuna mtu aliyebisha hodi. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa uani nanawa uso, na yeye alikuwa chumbani anasali kwa sauti, kama wazee wengi wa ziwani wanavyosali, wakiongea na Mungu kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha pili. Sikutaka kusikiliza. Lakini dirisha lilikuwa wazi na miguu yangu haikuondoka. Alimshukuru Mungu kwa safari, kwa bomba, kwa umeme, akamtaja kila mtoto wa kwao kwa jina. Kisha akanifikia mimi. Akasema: "Baba, mutoto huyu ni muzuri. Lakini anakaa sawa na muntu aliyefungwa. Yvonne wangu nisimulete hapa kufa mukimya."

Nilitamani angenitukana usoni.

Bandarini, kabla ya kupanda boti, alinigeukia kidogo, macho yake kwenye maji kama adabu inavyotaka. Alisema mfuko ameuacha pale ndani, hakuuleta kwa ajili yangu, ni wa majirani, nami ndimi nitakayeugawa. Atarudi, siku haitaji. "Na siku nitakaporudia," akasema, "sitakuuliza wewe ulipo. Nitauliza watu. Nikikosa wa kunionyesha, hilo njo jibu langu." Akapanda. Sikuhitaji mtu wa kunieleza maana ya hapo: jibu likiwa hapana, Pepa ilikuwa inangoja na ng'ombe wake.

Sasa mtu mwenye akili angekaa chini akafikiri. Mimi nilichukua kikombe. Jumapili iliyofuata nilizunguka mtaa mzima nikibisha mageti ya chuma, kikombe cha maharage mkononi, shati limepigwa pasi. Walinzi walifungua kidirisha kidogo. Mmoja aliniambia bosi hayupo, na bosi hanunui maharage mlangoni. Mwingine alipokea, akaniuliza nitarudi lini kuchukua kikombe, akafunga. Wa tatu alinihurumia, akanipa mkate, akidhani nina shida. Nilirudi nyumbani na mkate wa watu na aibu yangu. Nilikaa chini ya ile balbu, nikafungua daftari, nikasoma tena: majirani wengi mno. Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Siku iliyofuata, baada ya kazi, nilivuka daraja.

Mama Sifa alikuwa anageuza samaki juu ya moto. Alinitambua mara moja. Hakuonyesha kinyongo, lakini hakuniachia hivi hivi. Aliwaambia wale wanawake watatu kwamba yule bwana aliyeshiba amerudi, akaniuliza kama leo tumbo lina nafasi. Nikasema lina nafasi, Mama. Nikakaa kwenye kibao, nikala bukari na samaki wa moshi mpaka vidole vikanuka siku mbili. Chumba kilikuwa bado wazi. Papa Dodo alipopata habari kwamba nimeacha dari nyeupe nikahamia Ng'ambo, alikuja na mwavuli wake mpaka biro kunitazama macho, kuona kama ni malaria.

Basi njia yangu ya kwenda kazini ikawa ndefu. Nilitoka jua likiwa bado chini juu ya ziwa, viatu ndani ya mfuko wa plastiki, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa sababu ya matope, na kamba ya kupimia begani. Nilipita kwa fundi wa baiskeli aliyekuwa anafungua kibanda chake, kwa mama wa mandazi mwenye sufuria la mafuta pembeni ya daraja, kisha daraja lenyewe ambako wavuvi walikuwa wanapanda na makasia yao, wanawake wanashuka na mabeseni, na kila mtu anamuuliza kila mtu ameamkaje. Ng'ambo ya pili nilinawa miguu kwenye bomba la watu, nikavaa viatu, nikawa tena mtu wa serikali. Mwanzoni niliipima njia ile kwa hatua, nikaacha, kwa sababu kila mara niliposimama kusalimia nilipoteza hesabu. Lakini nilikuwa nasalimia tu. Majina bado sikuyajua, na mfuko wa Mama Anjelani ulikuwa umeegemea ukuta wa chumba changu, umejaa vilevile. Mara kwa mara nilifungua mdomo wake nione kama wadudu wameanza, nikaufunga.

Ndipo nilipofanya kosa ambalo naona mpimaji wa ardhi peke yake angeweza kulifanya. Nilijiambia kwamba kugawa kunataka utaratibu. Nikachukua daftari na kalamu, nikaanza mwanzo wa njia, paseli kwa paseli, nikiuliza jina la mwenye nyumba, watu wangapi wanalala hapa, watoto wangapi. Walinijibu vizuri ajabu. Wengine walinitajia watoto ambao sikuwaona. Bibi mmoja alinionyesha kidonda. Sikuelewa. Miaka ile mji wetu ulikuwa umezoea magari meupe ya misaada. Kijana mwenye shati safi anayeandika majina ya watu mlangoni maana yake ilikuwa moja tu. Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikakuta mstari wa watu toka kizingiti changu mpaka njiani, mabeseni na magunia mikononi, na wengine toka mitaa ambayo sijaikanyaga, wananiita Shefu, wananiuliza turubai zitafika na gari la ngapi. Mimi nyuma yangu nina mfuko mmoja wa maharage. Nilirudi ndani nikafunga mlango, nikakaa juu ya kitanda.

Aliyewatawanya alikuwa Mama Sifa. Nilimsikia nje, kupitia mbao za mlango, akiwaeleza bila haraka kwamba huyu si wa projet ya misaada, huyu ni mpangaji wangu, ni kijana anayeoa, amechanganyikiwa kidogo. Kulitokea kicheko kikubwa. Halafu wakaondoka, wakinung'unika, mmoja akiuliza sasa kidonda aliandikia nini. Mama Sifa akaingia bila kubisha, akakaa juu ya ule mfuko kama kiti. Nikamwambia yote: Moba, Yvonne, Pepa, maneno ya bandarini. Ile sala tu sikuisema. Alisikiliza, akafuta macho yake ya moshi. Akaniambia kwamba maharage mabichi toka kwa mtu usiyemjua, hakuna mwanamke mwenye watoto atakayeyapika. Atayatupa chooni akiogopa dawa. "Chakula kinaanza kuliwa pamoja," akasema, "njo kinaweza kugawiwa. Wewe umetaka kuanza na mwisho." Kisha akauliza kama nilikuwa kazini Jumamosi zote za salongo, maana hajaniona hata moja. Nikakubali. Nilikuwa najificha chumbani na redio, kila Jumamosi ya kufagia mtaa. Akatoka, akarudi na jembe. Mgeni siku mbili, akasema, ya tatu mpe jembe. Wewe nimekuvumilia mwezi.

Jumamosi ile tulizibua mfereji. Kila mvua maji yalikuwa yanaingia paseli ya Mama Sifa na zile mbili za chini yake, na kila mwaka watu walichimba upya palepale, na kila mwaka maji yakarudi palepale. Nilichimba nao saa nzima, viganja vikachubuka, kabla ya kuona kitu ambacho macho yangu yalifundishwa kukiona: mfereji ulikuwa unapanda. Kidogo tu, lakini unapanda. Nikasema. Wanaume wakanitazama bila imani, hasa fundi wa baiskeli, ambaye marehemu baba yake ndiye aliyeuchora mfereji ule. Nilikimbia kuchukua kamba na vijiti, nikawaonyesha mahali pa kukunjia ili maji yateremke Lukuga yenyewe. Walibishana mpaka saa sita, kisha wakachimba nilipoonyesha, nusu yao kwa kunikomoa. Tulipotua majembe, sufuria kubwa la kanisa lilikuwa limekwisha kuiva uwanjani kwa Mama Sifa, maharage mekundu ya Marungu na mafuta ya mawese, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi mpaka alipokwisha kula. Fundi wa baiskeli ndiye aliyeuliza. Mama Sifa akawaeleza, mbele yangu, hadithi nzima ya Moba, na kila mtu akawa na shauri lake. Mmoja alisema nimtoroshe Yvonne. Mama wa mandazi alisema shangazi huyo ana akili kuliko biro yangu yote. Ilinyesha wiki ile, mvua ya kweli. Maji yakashuka Lukuga.

Tangu hapo kila Jumamosi ya salongo sufuria lilipanda motoni na mfuko ukapungua. Majina yaliingia bila daftari. Fundi alikuwa Kisimba, mama wa mandazi alikuwa Mama Zawadi, yule bibi wa kidonda alikuwa Koko Marta, na kidonda chake mimi ndiye niliyempeleka hospitali nikipita kwenda kazini, yeye juu ya baiskeli ya Kisimba, mimi nasukuma. Nilipougua malaria kweli, nililala siku nne, na nilipozinduka nilikuta vikombe vitano vya uji pembeni ya kitanda, vya rangi tano. Nilijua kila kikombe ni cha nani. Nililia kidogo, nasema wazi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Mama Sifa aliniambia, akakusanya vikombe kuvirudisha kwa wenyewe.

Lakini Moba ilikuwa kimya. Mwisho wa mvua nilipata barua ya Yvonne kwa mkono wa baharia mmoja. Alisema yule wa Pepa amekuja mara ya pili, na safari hii na wajomba zake, na shangazi amewapa viti na chai, na hajasema hapana. Nikaandika majibu matatu nikayachana. Nilitaka kupanda boti niende nikamwambie Mama Anjelani aje, aje sasa, aone. Mama Sifa akanizuia. Akasema mtu akiitwa kuja kuona, anaona alichoitiwa tu. Nikangoja. Nilikwenda kazini, nikarudi. Kila boti ya Moba iliyotia nanga niliiona toka dirisha la biro, nikashuka bandarini kutazama wanaoshuka, nikapanda tena.

Siku aliyokuja sikuwa dirishani. Tulikuwa tumepelekwa kupima upande wa mbali wa mji, na nilirudi alasiri, nimechoka, kamba begani. Kwenye bomba mtu ninayemjua kwa sura tu aliniambia nifanye haraka, nina wageni. Nikavua viatu, nikapanda daraja. Katikati ya daraja mvuvi mmoja alinyoosha kasia lake kuelekea kwetu, akasema ni wawili, mzee na msichana. Nikaanza kutembea haraka. Mama Zawadi aliacha sufuria lake likilia, akanishika mkono wenye mafuta, akaniambia kwamba mama mmoja toka Moba alishuka bandarini akauliza watu kama wanamjua mpimaji; mchuuzi wa samaki akamleta mpaka bomba, wa bomba akamleta mpaka daraja, na yeye Mama Zawadi mwenyewe akamkabidhi kwa Kisimba. Kisimba alikuwa amefunga kibanda mchana kweupe. Watu walinisimamisha kila mlango kunipa habari yangu mwenyewe. Koko Marta alikuwa amekaa nje, mguu wake umepona, akanipungia, akasema bibi-arusi ni mwembamba lakini atanenepa. Katika njia nzima ile, mtu wa mwisho kujua nilikuwa mimi.

Yvonne alikuwa uwanjani, amekaa kati ya wale wanawake watatu, anafundishwa kuparua mkebuka, magamba mpaka kwenye nywele. Aliinua uso akacheka, akasema tena kwamba nimefumba jicho lisilotakiwa. Nilikuwa nalia. Mama Anjelani alikuwa ndani ya chumba changu, na mlangoni palikuwa na pazia ambalo asubuhi halikuwepo: ule mfuko wa maharage, mtupu, Mama Sifa ameupasua akaufua, akautundika ili mukwe na mama mkwe wapate kula bila kuonana. Hakuniita. Hakuniuliza majina ya waliokula. Mama Sifa alinipa sahani, nikakaa chini upande wa huku wa mfuko. Na kabla hajagusa chakula, Mama Anjelani akaanza kusali kwa sauti yake ileile, akashukuru kwa safari, kwa boti, kwa mchuuzi wa samaki, kwa mtu wa bomba ambaye hakulijua jina lake. Nilishika bukari mkononi, sikuipeleka mdomoni, nikingoja anifikie.

Paseli ya Mama Sifa leo imo ndani ya maji. Ziwa lilipopanda lilichukua uwanja ule, na sisi sote tulihamia juu kidogo, njia nzima kwa pamoja, tukibebeana milango. Yeye mwenyewe alitangulia kufa. Sasa na Mama Anjelani. Tulipofika nyumbani toka kilioni nilimkalisha Yvonne, nikamwambia upepo wa botini ulikuwa uongo, nikamweleza sala ya kwanza, ile ya nyumba ya dari. Kisha nikamwambia ya pili, aliyoisali nyuma ya mfuko, wakati yeye Yvonne anacheka uwanjani na magamba kichwani:

"Baba, lile neno nililokuambia juu ya mutoto huyu, usilikumbuke tena. Sasa yeye iko na watu."